Kunawa

Dakika ya themanini na nane, mbili kwa mbili,
Middlesbrough, Jumapili, mvua ikija kwa ubavu,
mpira ukatoka mguuni mwa kijana wa Redcar
ukamgonga Asukulu kwenye kiwiko cha kushoto.

Nilikuwa hatua nne. Kibendera mkononi,
maana goti langu lilinikalisha benchi
na ligi yetu haina pesa za washika vibendera:
kila timu humtoa wake, kisha humlaani.

Kwetu tunasema beki kaunawa.
Sijui nani alianza. Labda mtangazaji fulani wa redio
aliona mkono na mpira, akakumbuka ugali.
Siku moja nilijaribu kumweleza refa, mzee Outhwaite.
"Kauosha mpira?"
Hapana, kaunawa.
"Kwa sabuni?"
Tukaachia hapo.

Sheria inataka mkono ukae pake pa asili.
Haya, asili ya nani?
Mkono wa Asukulu ulivunjika Fizi, ana miaka tisa,
ukafungwa vijiti na mtu aliyekuwa na haraka ya kukimbia.
Tangu hapo haunyooki wote, haukunjiki wote,
umetoka nje kama mkono wa birika,
na yeye si mchoyo hata kidogo.
Akilala, uko nje. Akisali, uko nje.
Akikukumbatia, unakumbatiwa nusu.

Yote hayo niliyajua.
Kibendera kikapanda.
Tusidanganyane, sikukipandisha kwa ajili ya haki;
kilipanda kama chafya.

Filimbi. Wilondja, golini, akanitazama
kama mtu aliyekuta komeo limefunguliwa kwa ndani.
Outhwaite akanijia, maji yakimchuruzika puani.
"Una hakika?"
Hapo ndipo mtu angeweza kunawa mikono.
Nikasema: "Uligusa mkono."
Habari za Fizi sikuzisema.
Ningezisema saa ngapi? Kwa Kiingereza kipi?

Penalti ilipigwa chini, kulia.
Wilondja aliruka kushoto.

Jioni, duka la chipsi, ubishi ukawaka.
Mmunga: umbali ule hata nzi asingekwepa!
Byaombe: uligonga paja kwanza, na ukigonga paja kwanza si kosa.
Ile ilifutwa.
Ikarudishwa.
Ikafutwa tena, wewe unasoma sheria ya msimu gani?
Mwenye duka akaweka koleo chini,
akasema enzi zake mkono ulikuwa mkono, basi.
Ndipo kila mmoja akasimama kuonyesha ulivyokuwa,
wanaume tisa, mikono imetapakaa hewani,
mmoja kamwaga siki,
utadhani polisi wameingia.
Asukulu alikula chipsi zake kwa mkono wa kulia.
Hakusimama kuonyesha.
Wake ulikuwa pale pale ulipokuwa.

Hakuna aliyeniuliza mimi kitu.
Walinipisha tu nafasi kwenye benchi, pana mno.

Jumatatu, saa moja asubuhi, zamu yetu sote wawili,
nyumba ya wazee nyuma ya barabara ya Linthorpe.
Anamwogesha Bwana Ridsdale, mfua chuma wa zamani
ambaye hataki kuogeshwa na mtu mwingine.
Beseni, maji ya uvuguvugu.
Kiwiko kilichopinda kinapita nyuma ya shingo ya mzee
kama kilichongwa kwa kipimo cha shingo ile.

"Jana vipi?" mzee anauliza.
Tulifungwa. Penalti.
"Ya nani?"
Asukulu ananitazama, mimi niliyeshika taulo.
"Yangu," anasema. Kisha, kwa Kiswahili: "Niliunawa."
Mzee anatikisa kichwa kama aliyeelewa.

Maji yanadondoka toka vidoleni mwake.
Ananyoosha ule wa kushoto, kadiri unavyonyooka,
anataka taulo.
Nachelewa kidogo kumpa.